Ufumaji wa Wanavajo: Historia Yake na Majina ya Nguo Zao

Majora ya pamba yaliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts yalipoanza kushushwa Unguja kwa wingi, katika miaka ya 1830 na ile iliyofuata, watu wa pwani waliiita nguo ile merikani, na jina hilo likapanda bara pamoja na misafara. Lilitaja nchi zilikotoka merikebu. Halikutaja mji, wala kiwanda, wala wasichana waliosimama kutwa nzima mbele ya mitambo. Haya ni mambo ya kawaida katika lugha nyingi: nguo hupewa jina na mpokeaji. Lakini katika Marekani hiyo hiyo, mbali sana upande wa magharibi wa viwanda vile, walikuwako wafumi wengine ambao nguo zao nazo zilisafiri na kupewa majina na wale walizozinunua. Hao ni Wanavajo. Historia ya ufumaji wao imekwisha kuandikwa mara nyingi, na waandishi kadha wameiandika kwa uangalifu mkubwa. Ila aghalabu imepangwa kwa majina ya sokoni, na mpango huo humfanya msomaji adhani kwamba kila badiliko lililetwa na mnunuzi, na kwamba mfumi alikuwa akifuata tu. Mambo yenyewe yakitazamwa moja moja, hayaonyeshi hivyo.

Hata jina la watu wenyewe si lao. Wao hujiita Diné, yaani watu. Navajo latokana na Kitewa, mojawapo ya lugha za Wapueblo, na padri wa Kihispania Alonso de Benavides alieleza mwaka 1630 kwamba maana yake ni mashamba makubwa yaliyolimwa. Lugha yao ni ya jamii ya Kiathapaska, ambayo ndugu zake wengi wasemwa huko Kanada ya kaskazini-magharibi na Alaska. Kwa hiyo hapana shaka kwamba wazee wao walitoka kaskazini, wakafika katika nchi kavu ya miamba na mabonde ambayo leo imegawanywa baina ya majimbo ya New Mexico, Arizona na Utah. Kitanda cha kufumia hawakuja nacho. Walikikuta kwa jirani zao Wapueblo, ambao walikuwa wakilima pamba na kuifuma kwa karne nyingi kabla Mzungu hajafika.

Katika kuazima huku kulitokea jambo la kustaajabisha. Miongoni mwa Wapueblo, kama vile Wahopi, kazi ya kufuma ilikuwa ya wanaume, jinsi ilivyokuwa kwa wafumi wa Banadiri katika pwani ya Somali. Kwa Wanavajo ikawa ya wanawake, na mpaka leo wanaume wanaofuma ni wachache kuliko wanawake. Wenyewe hawasemi kwamba walifundishwa na Wapueblo. Husimulia kwamba mwalimu wao ni Na'ashjé'ii Asdzáá, Mwanamke Buibui, anayekaa juu ya nguzo ndefu ya jiwe katika bonde la Canyon de Chelly, na kwamba miti ya kitanda cha kwanza ilikuwa mbingu na ardhi. Mtoto wa kike akizaliwa, baadhi ya akina mama humpaka utando wa buibui mikononi, ili vidole vyake visichoke. Mwanahistoria hana haja ya kuchagua baina ya habari hizi mbili. Ya kwanza yaeleza kitanda kilitoka wapi. Ya pili yaeleza kwa nini mfumi hukiheshimu.

Kondoo waliletwa na Wahispania. Juan de Oñate alipoingia New Mexico mwaka 1598 na walowezi wake, alikuja na makundi ya kondoo wa aina ya churro, wanyama wa miguu mirefu wenye sufu ndefu iliyonyooka, isiyo na mafuta mengi. Wapueblo waliasi mwaka 1680 na kuwafukuza Wahispania. Wahispania waliporudi kuanzia mwaka 1692, Wapueblo wengi walikimbilia kwa Wanavajo na kukaa nao. Mwaka 1706 Gavana Francisco Cuervo y Valdés aliandika kwamba Wanavajo walikuwa wakijitengenezea nguo za sufu na za pamba. Mwaka 1795 gavana mwingine, Fernando de Chacón, alikiri kwamba waliifuma sufu kwa ustadi na uzuri kuliko Wahispania wenyewe. Basi katika muda wa miaka mia mbili tu, watu waliokuja bila kitanda na bila kondoo walikuwa wamewapita wale waliowapa vyote viwili.

Yafaa kueleza kitanda chenyewe, maana ndicho ambacho hakikubadilika. Ni nguzo mbili zilizosimama wima na miti miwili iliyolazwa, mmoja juu na mmoja chini, na mfumi hukaa mbele yake chini juu ya ardhi. Mtande wake ni uzi mmoja mrefu usiokatwa, unaopanda na kushuka tangu mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo nguo ikishuka kitandani haina ncha za kufungwa wala upande wa kushonwa, bali ina pindo kamili pande zote nne. Mshindio hugongwa kwa chanuo la mti mpaka unaufunika mtande wote, usionekane kabisa. Mfumi hapeleki mshindio kutoka ukingo hadi ukingo kwa mara moja. Hujaza sehemu moja kwanza, kisha husogea kando akajaza nyingine, na mahali sehemu hizo zinapokutana hubaki alama nyembamba ya mshazari ambayo mtaalamu huitambua kwa kidole. Sufu husokotwa kwa kijiti kirefu kinachoviringishwa juu ya paja. Kufuma hasa ni sehemu ndogo ya kazi. Kukata manyoya, kuyachambua, kuyaosha, kuyasokota mara mbili au tatu na kuyatia rangi huchukua muda mrefu kuliko kukaa mbele ya kitanda, na hapo ndipo mwanamke na kondoo wake wanapokuwa kitu kimoja. Wenyewe wana msemo, dibé bee iiná, maana yake kondoo ndio maisha.

Rangi za kwanza zilikuwa nyeupe na kahawia ya sufu yenyewe, nyeusi, manjano ya mimea, na buluu ya nili iliyonunuliwa kutoka Meksiko. Nyekundu nzuri hawakuwa nayo, nao waliitamani. Wakaipata kwa njia ambayo yatosha kuonyesha tabia ya ufumaji huu: walinunua kwa Wahispania nguo nzito ya sufu iitwayo bayeta, ambayo nyingi yake ilifumwa Uingereza na kutiwa rangi ya wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate, wakaifumua uzi kwa uzi, kisha wakaifuma upya kwa namna yao. (Msomaji wa Kiswahili asilichanganye neno hili na bafta. Bafta ni neno la Kiajemi lenye maana ya kilichofumwa. Bayeta ni la Kihispania, na asili yake ni jina la rangi. Yamefanana masikioni tu.) Hakuna mfanyabiashara aliyewafundisha jambo hili, wala hakuna aliyelitazamia. Nguo iliyokwisha kufumwa katika kisiwa cha mbali ilirudishwa kuwa uzi, kwa sababu mwanamke mmoja katika jangwa alitaka mstari mwekundu.

Ushahidi wa zamani ulio dhahiri zaidi umetoka katika msiba. Mwezi wa Januari 1805 askari wa Kihispania chini ya Luteni Antonio Narbona waliwakuta Wanavajo, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wamejificha katika pango la juu ndani ya bonde la Canyon del Muerto, wakawapiga risasi. Waliouawa walizidi 100. Wanavajo wenyewe waliepuka kukanyaga mahali pale, basi mifupa na nguo zilibaki karibu miaka mia bila kuguswa. Vipande vya nguo vilivyookotwa huko baadaye ni kipimo cha wataalamu, kwa kuwa tarehe yake yajulikana: vina mistari, vina rangi ya nili, na vina nyuzi nyekundu za bayeta. Kila kitabu cha historia ya ufumaji huu hukitaja kisa hiki, na mara nyingi hukitaja kwa sababu ya tarehe.

Nguo iliyopata sifa kubwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ilikuwa blanketi pana la kujitanda mabegani, lenye mistari mipana myeupe, myeusi na ya nili. Wazungu waliliita blanketi la mkuu. Jina hilo lina makosa mawili. Wanavajo hawakuwa na wakuu wa namna ile iliyofikiriwa na Wazungu. Walikuwa na viongozi wa kusikilizwa, naat'áanii, ambao hawakuvaa alama ya ukubwa. Na blanketi hilo lilivaliwa zaidi na watu wa makabila mengine, kama vile Waute, Wacheyenne na watu wa nyika za kaskazini, walioweza kutoa ngozi na farasi wengi kulipata. Mchoraji wa Uswisi Karl Bodmer aliposafiri katika mto Missouri mwaka 1833, alimchora mtu wa kabila la Piegan amejitanda blanketi la Kinavajo, safari ya miezi kutoka lilikofumwa. Mwaka huo huo wa 1833 Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Seyyid Said. Merikani ilikuwa inaanza safari yake kuu, na blanketi lile lilikuwa limekwisha kufika mbali.

Wataalamu wamezigawanya nguo hizi katika daraja tatu: kwanza mistari mitupu, kisha mistari iliyotiwa vipande vya pembe nne, hatimaye iliyotiwa maumbo ya almasi katikati na pembeni. Mgawanyo huo wafaa, maadamu isisahauliwe kwamba daraja moja haikufa mara nyingine ilipozaliwa. Kuna jina jingine la sokoni lenye uchungu zaidi, mablanketi ya watumwa. Wanawake wa Kinavajo walitekwa nyara na kutumikishwa katika nyumba za walowezi wa New Mexico, na huko walifuma kwa kitanda chao cha wima nguo zenye nakshi walizoagizwa na mabwana. Nguo hizo zatambulikana kwa sababu mikono haikusahau: umbo ni la Kihispania, pindo ni la Kinavajo.

Marekani iliitwaa nchi ile katika vita vya Meksiko, kuanzia mwaka 1846. Mwaka 1863 jeshi lilimpeleka Kit Carson kuwashinda Wanavajo, naye alifanya hivyo kwa kuiharibu nchi: nafaka zilichomwa, kondoo walichinjwa, na mifyulisi ya Canyon de Chelly ikakatwa. Kuanzia mwaka 1864 watu zaidi ya 8,000 walipelekwa kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, hadi Bosque Redondo kando ya mto Pecos. Wenyewe hupaita Hwéeldi. Maji yalikuwa ya chumvi, mazao hayakustawi, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Kwa ufumaji, hasara ilikuwa kondoo. Mfumi asiye na kondoo alilazimika kupokea nyuzi za kiwandani na nguo za kufumua zilizogawanywa na serikali, na mablanketi yaliyoletwa kutoka New Mexico yalimwonyesha nakshi mpya.

Mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 uliwarudisha katika sehemu ya nchi yao. Serikali iliahidi kuwanunulia kondoo na mbuzi 15,000, na kwa miaka kumi kumpa kila mtu nguo, bidhaa au malighafi za thamani isiyozidi dola 5 kwa mwaka. Nguo walizokuwa wakivaa wanawake, biil, ambazo zilikuwa vipande viwili vyeusi vyenye taraza nyekundu na za nili, ziliachwa polepole. Wakavaa sketi za pamba na blauzi za mahameli. Wakati huo huo zilifika rangi za kemikali, zilizovumbuliwa Uingereza mwaka 1856, na nyuzi laini zilizosokotwa Germantown katika Pennsylvania, za kila rangi aliyoweza kuifikiri mtu. Reli ilifika Gallup mapema katika miaka ya 1880, na vyote hivi vikaja kwa mabehewa.

Nguo zilizofumwa kwa nyuzi hizo zajulikana sokoni kwa jina lenye maana ya kutia macho kiwi, na kweli hutia kiwi: almasi ndani ya almasi, meno juu ya meno, nyekundu ikigongana na kijani na zambarau. Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 waliziona kuwa ni dalili ya kuporomoka. George Wharton James, aliyetoa kitabu kikubwa mwaka 1914, alizungumza juu ya kuharibika kwa sanaa kwa muda. Hukumu hii haisimami. Wanawake walewale ambao bibi zao waliifumua bayeta walikuwa wamepewa kwa mara ya kwanza rangi zote, nao wakazijaribu zote. Aliyetaka wabaki na nili na nyekundu ya zamani alikuwa mnunuzi, kwa kuwa alitafuta kitu cha zamani.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapoingia kwa kweli, na ushawishi wake usipuuzwe. Juan Lorenzo Hubbell alikuwa na duka lake Ganado, Arizona, kuanzia mwaka 1878 hadi alipofariki mwaka 1930. Alipenda nakshi za zamani. Aliwataka wachoraji waliokuwa wageni wake, kama vile E. A. Burbank, wachore picha ndogo za mablanketi, akazitundika ukutani ili mfumi azione na achague. J. B. Moore, aliyefanya biashara Crystal, New Mexico, hadi mwaka 1911, alipeleka sufu mashariki kusafishwa, akahimiza nakshi zenye asili ya mazulia ya Asia, akachapa katalogi mbili, mwaka 1903 na 1911, ili watu wa miji ya mbali waagize kwa barua. Mnunuzi wa Boston au Chicago hakuwa na haja ya kujitanda; alitaka kitu cha kutandika sakafuni. Hivyo blanketi likawa zulia. Likawa zito, likapata mpaka kuzunguka pande zote. Mtu wa Afrika ya Mashariki ataelewa upesi akifikiri kanga: nguo ya Kinavajo ya zamani haikuwa na pindo la nakshi wala mji, mistari ilipita kutoka ukingo hadi ukingo kana kwamba ingeendelea hewani. Zulia la kuuza lilipata pindo, na ndani yake mji.

Wenyewe, wakati huo, walikuwa wakinunua mablanketi ya kiwandani kutoka Pendleton, Oregon, na kujitanda hayo. Mfumi alivaa kazi ya mtambo, na kazi ya mikono yake ikakanyagwa na viatu vya watu wengine.

Mazulia mengi ya miaka ile yalinunuliwa kwa ratili, kama sufu mbichi, na mfumi alilipwa kwa unga, kahawa, sukari na nguo kutoka duka lile lile. Maduka yakilalamika kwamba wanawake waliacha mafuta na mchanga ndani ya sufu ili uzito uongezeke. Ikiwa mzani hautofautishi kazi ya miezi sita na kazi ya wiki tatu, ni vigumu kumlaumu anayeujibu mzani kwa lugha yake. Kathy M'Closkey, aliyezipekua daftari za Hubbell na kutoa kitabu chake mwaka 2002, adai kwamba wanawake hawa ndio waliobeba biashara nzima kwa kazi isiyolipwa ipasavyo. Watu wamebishana naye. Daftari, hata hivyo, zipo.

Katika muda wa miaka miwili, karibu na mwanzo wa karne, yalitoka machapisho mawili yanayopasa kuwekwa pamoja na mtu wa lugha. Mwaka 1910 mapadri Wafransisko wa St. Michaels, Arizona, walichapa kamusi yao ya mambo ya desturi za Kinavajo, ambamo vitu vya kitanda, nyuzi, rangi na nguo vimetajwa kwa majina ambayo wafumi waliyatumia. Mwaka 1911 ikatoka katalogi ya pili ya Moore, iliyoyapanga mazulia kwa ubora na bei. Majina ya biashara ndiyo yaliyoenea. Leo zulia huitwa kwa jina la duka ambako liliuzwa kwanza: Ganado, Crystal, Two Grey Hills, Wide Ruins. Katika Kinavajo neno la kawaida ni diyogí, ambalo zamani lilikuwa jina la blanketi laini la kila siku, lisilo na makuu. Kwa mnunuzi blanketi lilikufa na zulia likazaliwa. Kwa mfumi diyogí iliongezeka unene.

Wala si kila mfumi aliyefuata picha ya ukutani. Wanawake wa Two Grey Hills hawakuipokea nyekundu iliyopendwa na maduka. Walichanganya nyeupe, kahawia na nyeusi ya kondoo wao mpaka wakapata vivuli visivyohesabika. Miongoni mwao Daisy Taugelchee, aliyefariki mwaka 1990, alisokota uzi mwembamba hata mishindio zaidi ya 100 iliingia katika inchi moja. Zulia la namna hiyo halikanyagiki. Hapo mfumi mwenyewe ndiye aliyeliondoa sakafuni.

Mtu mwingine wa kukumbukwa ni Hosteen Klah, aliyezaliwa mwaka 1867. Alikuwa mwanamume afumaye, na alikuwa hataałii, neno ambalo Wazungu wamelifasiri mganga, lakini maana yake ni mwimbaji. Kwa maana tiba ya Kinavajo ni nyimbo za siku nyingi pamoja na michoro ya mchanga wa rangi, ambayo hufutwa sherehe ikiisha. Kufuta ni sehemu ya tiba. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya kwanza Klah alianza kuifuma michoro hiyo. Waimbaji wengine waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu, kwani kitu kilichopaswa kutoweka kilikuwa kimefungwa katika uzi. Klah aliona kwamba wanafunzi wa nyimbo walikuwa wakipungua na kwamba elimu ingekufa pamoja naye. Yeye na Mary Cabot Wheelwright walianzisha jumba la makumbusho huko Santa Fe, lililofunguliwa mwaka 1937, mwaka aliofariki. Kama alitenda vema au vibaya, Wanavajo wenyewe hawajakubaliana.

Pigo la pili la kondoo lilikuja kwa jina la maendeleo. Katika miaka ya 1930 serikali, chini ya kamishna John Collier, iliona kwamba malisho yamekwisha na kwamba udongo unaochukuliwa na mvua ungeijaza boma kubwa la maji lililokuwa likijengwa katika mto Colorado. Ikaamuru wanyama wapunguzwe. Mbuzi na kondoo wengi walipigwa risasi na kuachwa waoze. Waliosemeshwa katika mabaraza walikuwa wanaume. Wanyama wengi walikuwa mali ya wanawake. Kabla ya hapo churro walikuwa wamekwisha kuchanganywa na kondoo wa Rambouillet, wenye nyama zaidi na sufu fupi, yenye mafuta na mikunjo, ambayo husumbua mkono wa msokotaji. Kufikia miaka ya 1970 churro halisi walikuwa wamebaki mamia machache tu. Mwaka 1977 Lyle McNeal alianza kuwatafuta katika mabonde ya mbali, ambako wazee wachache walikuwa wamewaficha kwa miaka mingi, na kuwazalisha. Leo makundi yao yameongezeka tena.

Waliozipenda nguo hizi kwa fedha wametunza mengi, na ni haki kulisema. Tajiri wa magazeti William Randolph Hearst alikusanya mablanketi ambayo sasa yamo katika makumbusho ya Los Angeles. Gladys Reichard alifanya zaidi ya kukusanya: alikaa na jamaa moja ya Kinavajo, akajifunza kufuma, akajifunza lugha, na vitabu vyake vya mwaka 1934 na 1936 vyaeleza kazi kama ionekanavyo kwa aliyeketi mbele ya kitanda. Mwaka 1972 makumbusho ya sanaa ya Los Angeles yaliyatundika mablanketi ya karne ya 19 ukutani kama michoro, na baadhi yake yaliazimwa kwa wachoraji mashuhuri wa siku zile. Tangu hapo bei zimepanda sana. Mwaka 2012 blanketi moja la daraja ya kwanza liliuzwa katika mnada wa California kwa dola milioni 1.8. Jina la aliyelifuma halikutajwa, kwa sababu hakuna aliyeliandika siku ile lilipobadilishwa kwa ngozi au farasi.

Katika mazulia yenye pindo, baadhi ya wafumi hupitisha uzi mwembamba wa rangi ya mji kukata pindo mpaka ukingoni, karibu na pembe ya juu. Huuita ch'ihónít'i, njia ya kutokea. Watu wa madukani walikuwa wakiudhania kuwa kasoro. Sasa wanunuzi wengine huutafuta na kuulipia. Wafumi waeleza kwamba mtu akijifungia ndani ya pindo fikira zake huweza kunaswa humo, asiweze kufuma kitu kingine. Nguo za mistari za zamani hazikuwa na haja ya njia, maana hazikuwa na ukuta. Basi uzi huu mdogo ni jibu la wafumi kwa zulia la biashara, nao haumo katika picha zilizotundikwa na Hubbell.

Mambo ya karibuni yafuata mkondo huo huo. Mwaka 1965 kampuni ya Fairchild ilifungua kiwanda cha vipande vya elektroniki huko Shiprock, ikaajiri wanawake wengi wa Kinavajo na kuwasifu kwamba vidole vyao vilizoea zulia. Kiwanda kilifungwa mwaka 1975. Mwaka 1994 Marilou Schultz aliombwa na kampuni ya Intel kufuma sura ya kipande cha namna hiyo, akakifuma kwa sufu ya kondoo. Melissa Cody amezirudia rangi za Germantown zilizoitwa maporomoko, na kazi zake zilionyeshwa New York mwaka 2024. Mwaka huo huo D. Y. Begay alifanyiwa maonyesho katika makumbusho ya taifa ya wenyeji wa asili huko Washington. Serikali ya Wanavajo, ambayo ililiandikisha jina Navajo kuwa alama yake ya biashara mwaka 1943, ilishtaki mwaka 2012 kampuni moja ya maduka ya nguo iliyolitumia juu ya bidhaa zisizo zao, na shauri likaisha kwa mapatano mwaka 2016. Jina walilopewa na jirani limekuwa mali ya kulindwa mahakamani.

Katika makumbusho kadha za Marekani vibao vilivyo chini ya mablanketi ya zamani vimeanza kuandikwa upya. Vya zamani vilisema kwamba mfumi hajulikani. Vipya husema kwamba jina lake lilijulikana zamani.